Kitambaa Juu ya Kyule

Bwana Wainaina wa ofisi ya wafanyakazi ya shamba la maua hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alizunguka boma zima kwanza. Akaangalia choo, akaangalia kuku, akaitazama nyumba ya mawe ambayo plasta yake iliishia upande wa mbele, kisha akarudi akasimama kando ya kaburi.

"Nyumba iko sawa," akasema. "Shida ni hii."

"Hiyo si shida," Wayua akamwambia. "Ni mume wangu."

"Najua, mama. Pole." Alisema pole kama mtu anayeomba kupishwa mlangoni. "Lakini uelewe mambo vile yako. Mtoto wa mfalme anakuja na bibi yake. Wataona maua, wataona mahali tunapakia, halafu wamesema lazima waone pia mfanyakazi anaishi wapi. Sasa mimi nimezunguka Kitengela yote. Watu wetu wanaishi kwa vyumba vya mabati, ploti nzima choo ni kimoja. Huko nitampeleka mtoto wa mfalme afanye nini? Ni Musau peke yake ako na kwao."

Ilikuwa mwaka wa 2004. Mfalme mwenyewe alikuwa wa nchi moja ya baridi huko kaskazini ya Ulaya, nchi inayonunua waridi nyingi kutoka mashamba ya Isinya, na mwanawe alikuwa ametumwa pamoja na mkewe kuzunguka Afrika kusalimia watu. Musau, mwana wa pekee wa Wayua, alikata maua kwenye shamba mojawapo. Alikuwa kibarua. Kila asubuhi alisimama getini na wenzake, na msimamizi akapita akinyoosha kidole, wewe, wewe, na wewe. Ambaye kidole hakikumfikia alirudi nyumbani.

"Ziara ikienda vizuri," Wainaina akasema, "Musau anaandikwa. Kazi ya kudumu. Mimi mwenyewe nitamwandika."

Wayua alijua maana ya kuandikwa. Kulikuwa na msichana aitwaye Katee ambaye Musau alitaka kumuoa, na baba yake Katee alikuwa amesema wazi kwamba hawezi kumpa binti yake mtu anayenyooshewa kidole kila asubuhi kama mbuzi wa sokoni.

"Sasa hii," Wainaina akaendelea, akigonga kaburi kwa kidole kimoja, "tutaweka kitambaa. Kizuri, cha hoteli. Na maua juu. Itakuwa meza."

Ni kweli lilifanana na meza. Kyule alikuwa fundi wa mawe, na alipokufa mafundi wenzake walimjengea wenyewe, wakalipandisha mpaka usawa wa mapaja, wakalifunika juu kwa vigae vyeupe vilivyobaki kwenye bafu ya tajiri fulani. Majirani waliwacheka. Watu wa Kitengela huzika kwao, Machakos, Kitui, Murang'a, kwa sababu ploti yenye kaburi haina mnunuzi. Lakini Kyule alikuwa amesema amehamahama nyumba za watu maisha yake yote na hana nia ya kuhama tena.

"Na wakiuliza hiyo ni nini?" Wayua akasema.

"Mama, mgeni haulizi meza imetoka wapi." Wainaina akafuta kidole chake kwa leso. "Na chifu amesema hii ni siri ya serikali. Usimwambie mtu ni kwako. Mambo ya usalama."

* * *

Musau aliporudi jioni alikuwa tayari anajua. Alikula ugali wake bila kuinua macho mpaka sahani ikaisha.

"Mwaitu," akamwambia mama yake, "ni dakika kidogo tu. Wanakunywa chai, wanapigwa picha, wanaenda."

"Baba yako si ndoo ya takataka afunikwe wageni wakija."

"Si anafunikwa na kitambaa kizuri? Hata wewe ukienda kanisani si unajifunika kichwa?"

"Mimi nikijifunika, kila mtu anajua chini ya kitambaa kuna kichwa."

Musau akasukuma sahani kando. Alikuwa kijana mkubwa wa mabega, na viganja vyake vilikuwa na alama za miiba zilizokuwa hazikauki kwa sababu vibarua hawapewi glavu. Alivitazama hivyo viganja kama vya mtu mwingine.

"Mama, wewe hujawahi simama pale getini," akasema polepole. "Ile kidole ikikupita, unajifanya kama hukuwa unaitaka. Unafunga kamba ya kiatu. Mimi nimefunga kamba ya kiatu mpaka imekatika."

Wayua aliondoa sahani. Alizikalisha ndani ya karai, akazitazama, akarudi akaketi.

"Haya. Nitakubali kitambaa. Lakini sikiza, Musau. Mimi siwezi kusema hiyo ni meza. Nikiulizwa..."

"Hutaulizwa."

"Nikiulizwa, Musau."

"Sawa. Ukiulizwa." Alilisema hilo haraka, kama mtu anayeweka ahadi juu ya mvua ya kiangazi.

Kabla ya kulala Wayua alipiga magoti akamweleza Mungu habari ya kitambaa. Alijua Mungu anaona hata chini ya kitambaa. Alitaka tu asilisikie jambo hilo kwa watu wengine kwanza.

* * *

Mji ulikuwa hauna habari nyingine. Vibanda vya kando ya barabara kubwa vilikuwa vimepakwa chokaa, upande unaotazama barabara tu. Wauza mitumba walisukumwa nyuma ya kituo cha petroli, mahali ambapo hakuna mtu angewaona, hata wanunuzi. Mbuzi walipigwa marufuku. Mbuzi hawakusikia.

Kwenye duka la Gakuru, Wayua alipokwenda kununua chumvi, alikuta kumejaa.

"Kwani hawa wazungu bado wako na wafalme?" mwanamke mmoja akauliza. "Mimi nilidhani iliisha."

"Wako," Gakuru akasema. Alikuwa na redio, kwa hiyo alijua. "Lakini siku hizi wafalme hawatawali. Kazi yao ni kutembea na kusalimia."

"Hiyo ni job?" kijana wa kinyozi akasema. "Buda, mimi natembea kila siku na sijawahi lipwa. Nikitembea sana polisi wananiitisha kitambulisho."

"Wewe unasalimia nani?"

"Si hata wewe sasa nakusalimia. Nipe soda."

Watu wakacheka. Mwanamke yule akataka kujua bibi ya huyo mtoto wa mfalme ako na watoto wangapi, na Gakuru akamjibu kwamba redio imesema wawili, na kila mmoja ana yaya wake.

"Kila mmoja na wake!" Mwanamke akashika kiuno. "Basi huyo mama ameacha nini nyumbani? Hata mimi ningetembea."

Mzee Parmuat, ambaye ndiye aliyewauzia wengi wao ploti zao akabaki na kipande cha kulishia ndama, alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake kwapani. "Mimi nauliza kitu moja tu," akasema. "Hii murram imemwagwa kwa barabara. Wageni wakienda, hawa watu wa serikali watakuja kuizoa?"

Walicheka tena, isipokuwa Gakuru. Gakuru alikumbuka waziri mmoja aliyewahi kupita, na jinsi ndoo za maua zilizopangwa kando ya barabara zilivyopakiwa kwenye pikapu jioni ileile, na pikapu ikaondoka na ndoo yake moja ya dukani.

"Mama Musau, wewe uko kimya," akasema. "Unawaonaje hawa wageni?"

"Mimi nimekuja kuchukua chumvi," Wayua akasema.

* * *

Lori la hema lilifika Jumanne jioni. Kila mtu wa mtaa ule alilijua. Likisimama kwa mtu siku ya Ijumaa, kuna harusi kesho yake. Likisimama siku nyingine yoyote, kuna maiti.

Waithera, Mama Kiama wa ploti ya pili, alikuwa anaanua nguo. Aliliona lori, akaona vijana wakishusha vyuma vya hema na viti vya plastiki vyeupe, akaona sufuria kubwa mbili. Nguo zikabaki mkononi. Halafu akakumbuka kwamba Musau hakuwa ameonekana tangu Jumapili. Kweli hakuwa amelala nyumbani, kwa kuwa shamba lilikuwa limewaweka vijana waliochaguliwa kulekule Isinya wakifundishwa namna ya kukata ua huku wakitabasamu. Lakini hilo Waithera angelijuaje?

Akaenda kwenye ua wa michongoma.

"Mama Musau. Kuko salama?"

"Kuko salama, Mama Kiama," Wayua akajibu bila kumtazama. Hakuwa amezoea kuficha jambo.

"Na Musau?"

"Ako kazini."

"Tangu Jumapili?"

"Mama Kiama, siwezi kusema sasa. Nimekatazwa."

Waithera akarudi nyumbani, akaketi juu ya nguo alizoanua, akalia. Alipomaliza kulia alifunga leso kiunoni akaenda kwa Pasta Munguti.

Pasta Munguti alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kutenda, na kabla ya kufikiri alipenda kuuliza. "Umemuuliza yeye mwenyewe nani amekufa?"

"Pasta, kwani mtu wa matanga huulizwa? Mtu wa matanga huendewa."

Hapo Pasta akamtuma awaite wanawake wa kanisa. Kabla giza halijaingia wanawake wa kanisa walikuwa wamepata habari kwamba Musau wa Wayua ameanguka akafa ndani ya nyumba za plastiki za maua, na kwamba kampuni imemkataza mama yake kulia kwa sauti mpaka wageni waondoke. Hilo la mwisho halikusemwa na mtu yeyote. Lilijisema lenyewe njiani, na kila aliyelisikia aliliamini kuliko yale mengine yote.

* * *

Asubuhi ya Jumatano alikuja msichana wa hoteli na kitambaa. Kilikuwa cheupe, kizito, kinafika mpaka chini. Alikitandika juu ya Kyule, akavuta pembe, akaweka chombo cha waridi katikati, vikombe pembeni, na keki. Wayua alisimama karibu akiwa na gauni lake la Umoja wa Akina Mama na kitambaa cheupe kichwani.

"Imetokea vizuri, mama," msichana akasema. "Hii meza mlinunua wapi?"

"Ilijengwa hapahapa," Wayua akasema. Akaona kwamba hiyo haikuwa uongo, lakini haikumpa raha.

Chifu alifika na kofia yake mpya. Wainaina alifika na tai. Askari wawili walisimama getini, na chifu akawaambia kwamba mtu yeyote asiingie isipokuwa kwaya ya kukaribisha wageni, ambayo iko njiani inatoka Embulbul. Kwaya hiyo haikufika kamwe. Gari lao liliharibika likiwa bado Ngong.

Msafara ulipoingia, vumbi la murram mpya liliingia nao. Mtoto wa mfalme alikuwa mwanamume mrefu mwenye masikio yaliyoungua na jua. Mkewe alivaa gauni la rangi ya majani na viatu vya chini, na alimsalimia Wayua kwa mikono miwili, jambo ambalo Wayua aliliona. Pamoja nao alikuwa mwanamke wa ubalozi wao, mzungu wa miwani aliyejifunzia Kiswahili Tanga. Kiswahili chake kilinyooka kiasi kwamba chifu aliposemeshwa alijibu kwa Kiingereza.

Musau aliruka kutoka pikapu ya shamba akiwa na ovaroli mpya, buti mpya na glavu. Mama yake hakuwa amewahi kumwona na glavu. Wainaina akamsimamisha nyuma ya hema, penye kivuli. "Hapo hapo. Nikikuita, unakuja unasema karibuni kwetu."

Wageni waliketi kuzunguka kitambaa. Chai ikamiminwa. Mke wa mtoto wa mfalme akasema kitu, na mwanamke wa ubalozi akatafsiri kwamba nyumba ni nzuri na mahali pana utulivu. Wainaina akacheka kwa furaha. Chifu akacheka kwa sababu Wainaina amecheka.

Ndipo wimbo ukasikika barabarani.

Ulikuja polepole, sauti za wanawake, ule mwendo wa watu wanaobeba kitu kizito. Askari mmoja akatazama, akaona gauni za kanisa na leso za kichwani, akafungua geti. Wakaingia, Pasta Munguti mbele na wanawake nyuma yake. Wengine walibeba kuni kichwani, wengine majani ya chai na sukari, mmoja debe la mahindi. Wageni wakasimama wakipiga makofi kwa adabu. Mtoto wa mfalme alitikisa kichwa akifuata mwendo wa wimbo, na mpiga picha akachuchumaa.

Wayua alizijua kuni. Hakuna mtu anayeleta kuni kwa furaha. Alifungua kinywa, lakini wanawake walikuwa tayari wamemzunguka, wanamkumbatia mmoja baada ya mwingine wakisema, "Pole, Mama Musau, pole sana, Mungu ametoa," na kanga zao zilimziba pumzi.

Wainaina akadhani mambo yanakwenda vizuri kuliko alivyopanga. Akapunga mkono nyuma ya hema. Musau akatokea kivulini, ovaroli ikimetameta, mikono ya glavu ameinyoosha.

"Karibuni kwetu," akasema.

Waithera akapiga ukemi. Debe la mahindi likaanguka. Mama mmoja alikimbia mpaka getini, akakumbuka kuni zake, akarudi.

"Musau!" Waithera akalia. "Si umekufa?"

"Nani amesema nimekufa?"

"Hema!" Waithera akamwonyesha kwa mikono yote miwili. "Hema ya Jumanne! Na viti! Na mama yako hasemi kitu!"

Mwanamke wa ubalozi alikuwa anatafsiri kila neno kwa sauti ya chini, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomleta. Uso wa mke wa mtoto wa mfalme ulibadilika. Akauliza kitu.

"Anauliza ni nani aliyefariki," mwanamke wa ubalozi akasema.

"Hakuna!" Wainaina akasema. "Hakuna aliyefariki hapa."

"Ni desturi," chifu akasema. "Ni mchezo wa kienyeji. Kukaribisha wageni."

"Mchezo gani?" Pasta Munguti akauliza. "Mimi ni mchungaji."

Mwanamke wa ubalozi aliwatazama hao watatu mmoja mmoja. Kisha akavua miwani akamgeukia Wayua. "Mama," akasema, "nakuuliza wewe mwenye nyumba. Hapa amefariki nani?"

Wayua alimtazama mwanawe. Musau alikuwa ametoa glavu moja na hajui aiweke wapi. Alikuwa anamtazama mama yake kwa macho yaleyale aliyokuwa nayo utotoni akiomba asichapwe, na kidogo kidogo alikuwa anatikisa kichwa.

"Mume wangu," Wayua akasema. "Lakini si leo."

"Pole sana. Amezikwa wapi?"

"Hapo mlipoweka chai."

Mwanamke wa ubalozi akavaa miwani yake, akatafsiri. Ilichukua maneno machache sana.

Mke wa mtoto wa mfalme alikitazama kitambaa, akakitazama kikombe chake kilichokuwa juu yake, akanyoosha mkono akakiinua polepole, asikigonge. Akakishika kifuani. Mumewe akainua chake. Watu wao wote wakainua vyao, na visahani, na mtu mmoja mnene akainua keki. Wakabaki wamesimama hivyo, kila mtu na chombo chake mkononi, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuweka.

Pasta Munguti aliona watu wamesimama wakiwa kimya, vichwa vimeinama. "Na tuombe," akasema.

Hakuwa mtu wa maombi mafupi. Alianza na marehemu Kyule, akaja kwa mjane, akamshukuru Mungu kwa kuwa Musau yu hai, akawaombea wageni na mfalme wao na mvua yao, na alipofika kwa wasafiri walio angani mlinzi wa msafara alikuwa ameangalia saa yake mpaka amechoka. Mtoto wa mfalme alikunywa chai yake yote katikati ya maombi, kwa adabu, ili kikombe kisimwagike. Aliposikia amina aliitikia amina.

Mkewe alimpa Wayua mkono tena. Halafu wakaingia magarini, na vumbi likawasindikiza.

Wainaina alifungua tai yake. "Mama," akasema, "umeniua."

"Leo kila mtu anakufa hapa," Wayua akasema, akaanza kukunja kitambaa ili msichana wa hoteli asije akadaiwa.

* * *

Ovaroli ilirudishwa jioni ileile, na buti, na glavu. Musau alirudi nyumbani na suruali yake ya zamani, akaingia chumbani kwake bila kula. Wayua alisimama nje ya mlango wake.

"Uliniambia sawa nikiulizwa," akasema.

"Nilisema."

"Sasa niliulizwa."

"Mwaitu, nimesikia. Niliskia na masikio yangu." Kitanda kikalia ndani. "Si ungesema tu amezikwa Machakos?"

Wayua alikuwa amelifikiria swali hilo yeye pia, tangu mchana, na kila alipolifikiria lilionekana jepesi zaidi.

Mjini watu walizungumza mpaka wakachoka. Kijana wa kinyozi alisema huyo prince ni mse wa nguvu, amekunywa chai juu ya marehemu na hakutapika. Gakuru alisema aibu hiyo itafuta biashara yote ya maua. Parmuat alisema kwa Wamaasai jambo hilo lingehitaji kondoo, na hakusema kondoo angetoka kwa nani. Yale mahindi na sukari na majani ya chai vilibaki kwa Wayua, kwa sababu kilicholetwa kwenye matanga hakirudishwi, hata matanga yakikosa maiti. Waithera peke yake alipita ua kuomba radhi, akala chakula cha mchana, akaomba radhi tena.

Musau aliendelea kusimama getini. Siku nyingine alichukuliwa, siku nyingine alifunga kamba ya kiatu.

* * *

Waridi za msimu mwingine zilikuwa zimeanza kufunguka Wainaina aliporudi. Safari hii aliketi kwenye kiti alichopewa. Alitoa mfukoni kipande cha gazeti la huko kwao wageni, akakifungua kwenye goti. Kulikuwa na picha kubwa ya mtoto wa mfalme na mkewe, wamesimama wima, vikombe vifuani, macho chini.

"Unajua hapa wameandika nini?" akasema. "Wameandika wageni wakishiriki desturi ya wenyeji ya Kajiado ya kunywa chai wakiwa wamesimama, kuwakumbuka waliotangulia. Huko kwao watu wameipenda sana. Maua yetu yanaitishwa mpaka hatuwezi. Mwenye shamba amenipigia simu mwenyewe."

"Mungu asifiwe," Wayua akasema, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.

"Amen. Sasa, mama." Wainaina akasogeza kiti. "Mwezi ujao wanakuja wanunuzi wakubwa, na mabibi wa mabalozi. Wamesema wanataka kuona ile kitu. Ile ile. Na mimi nimekuja na habari njema. Musau anaandikwa. Kazi ya kudumu, ya ukweli, glavu, kila kitu."

Musau, aliyekuwa anapasua kuni, akaweka shoka chini.

"Ile kitu gani?" Wayua akauliza.

"Si ile. Tunaweka kitambaa, wanaketi, wanapewa chai. Akina mama wanaingia na kuni wakiimba. Mnalia kidogo, si sana. Musau anajificha nyuma ya hema mpaka wakati wake, anatokea, yule mama anapiga ukemi. Hapo ukemi ni muhimu. Halafu unaulizwa, na wewe unajibu vile ulijibu. Hapo mlipoweka chai. Usibadilishe neno."

"Nani ataniuliza?"

"Tutapanga mtu."

Wayua alifunga mikono yake mapajani. Uongo haukuwepo hapo, neno kwa neno. Mume alikuwa amekufa, kaburi lilikuwa lake, kila jibu lingekuwa kweli. Alitafuta ndani yake mahali ambapo jambo hilo linauma, na alipopaona, aliona pia mikono ya mwanawe ikiwa wazi bila kitu. Akageuka amtazame Musau, na kichwa chake kilikuwa karibu kukubali.

"Hapana," Musau akasema.

"Wewe kijana, mimi naongea na mama yako."

"Unaongea habari ya baba yangu." Musau alikuja mpaka kwenye kiti cha mgeni, akaongea polepole kama mtu anayebeba maji yaliyojaa. "Bwana Wainaina, baba alikufa mara moja. Na mimi hata mara moja bado sijakufa. Sasa wewe unataka tufe kila mwezi, mabibi wa mabalozi wakipata nafasi."

"Hutaki kazi?"

"Naitaka sana. Hata baba yake Katee ananiuliza kila Jumapili."

"Basi?"

"Basi hapana."

Wainaina alimtazama Wayua. Wayua alitazama mbele. Upepo ulikuwa umeanza kuinua vumbi upande wa Athi.

Wainaina alikunja gazeti lake taratibu, kwa mistari ileile. Aliinuka, akaenda mpaka getini, akasimama hapo na mkono juu ya komeo.

"Mama, hapa karibu hakuna mjane mwingine?"

"Wako wengi," Wayua akasema. "Lakini wote walizika kwao."

Akaenda.

Kesho yake Musau aliondoka kabla ya jua, na Wayua alishinda akichambua maharagwe aliyokuwa ameshayachambua. Jioni alisikia hatua za mwanawe, nzito, na harufu ya samadi ikamtangulia mlangoni.

"Walikuchukua?"

"Walinichukua. Wa mwisho. Wamenipeleka kubeba samadi."

"Na Wainaina?"

"Alipita na gari. Hakuniangalia."

"Na kesho?"

Musau akavua viatu, akavigonga ukutani kimoja kimoja. "Kesho nitaenda nisimame."

"Haya," Wayua akasema, akamletea maji. "Nawa mikono ule."